Mfarishi wa Julai Huanza Januari: Somo la Kushona Flaneli kwa Mara ya Kwanza

Masika yanapokwisha, wakazi wa mjini Moshi hutoa masweta kabatini, ilhali wakazi wa Uru, Kibosho, Old Moshi, Kilema, Marangu na Mwika hutafuta blanketi la pili. Tofauti hiyo ina sababu inayopimika. Hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi kwa kila mita 1,000 za kupanda. Mji wa Moshi uko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Lango la Marangu la Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro liko juu ya mita 1,800, na vihamba vya juu hukaribia mwinuko huo. Usiku wa Julai ambao mjini ni wa shuka na blanketi jepesi, huko juu ni usiku wa kujikunyata.

Baridi hiyo huzaa hatari ambayo haionekani. Baadhi ya kaya huingiza jiko la mkaa chumbani, hufunga dirisha na mlango, kisha hulala. Mkaa unaowaka katika chumba kisichopitisha hewa hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, nayo huweza kumuua aliyelala kabla hajazinduka. Njia iliyo salama ni kuuhifadhi joto la mwili wenyewe kwa matandiko yanayofaa. Somo hili linahusu tandiko moja la namna hiyo, ambalo kaya yenye sindano, uzi na nguo kuukuu inaweza kulishona: mfarishi wa flaneli.

Mfarishi ni tandiko la matabaka matatu yaliyoshonwa pamoja. Tabaka la juu huungwa kwa viraka, la kati hutunza joto, na la chini hugusa mwili wa anayelala. Mishono hupenya matabaka yote matatu ili la kati lisijikusanye upande mmoja.

Flaneli ni kitambaa cha namna gani

Flaneli ni kitambaa laini, mara nyingi cha pamba, ambacho uso wake umekwanguliwa kiwandani hadi ukatoa manyoya mafupi. Jina la fulana, vazi linalojulikana na kila mtu, lina asili moja na jina la kitambaa hicho, ingawa fulana za leo nyingi si za flaneli tena. Mkazi wa Moshi huifahamu flaneli zaidi katika sura tatu: vitambaa vya kumfunikia mtoto mchanga, nguo za kulalia, na yale mashati mazito ya drafti yanayopatikana kwenye marobota ya mitumba katika masoko ya Memorial na Kiboriloni.

Manyoya hayo mafupi ndiyo siri ya joto lake. Kitambaa hakitengenezi joto. Huizuia tu hewa iliyopashwa na mwili isiondoke. Kati ya nywele moja na nyingine hukaa hewa tulivu, na hewa tulivu hupitisha joto kwa shida. Matabaka matatu yakiwekwa pamoja, hewa inayozuiliwa huongezeka, na joto hudumu.

Hata hivyo, sifa hiyo njema huja na tabia nne ambazo mshonaji aliyezoea kitenge au kanga hazitarajii. Flaneli hurudi inapofuliwa, pengine kwa kiasi kikubwa. Huvutika kwa urahisi, hasa ikishikwa hanamu. Hufumuka nyuzi ukingoni. Tena hutoa vumbi la pamba linaloziba cherehani. Karibu kila kosa la mshonaji mpya hutokana na kuisahau moja ya tabia hizo nne, na karibu kila hatua ya somo hili imewekwa ili kuidhibiti mojawapo.

Kalenda ya kazi

Wengi huukumbuka mfarishi baridi ikishaingia. Wakati huo umechelewa, kwa sababu kazi ya kwanza si kushona bali ni kufua na kukausha, na jua la Julai mlimani ni haba. Ukungu hushuka asubuhi, wingu hukaa mchana, na nguo nzito huweza kushinda kambani siku mbili au tatu bila kukauka.

Mpangilio unaofaa hufuata majira ya Kilimanjaro yenyewe. Mwezi Desemba, wana wa mlimani wanaporudi nyumbani kwa ajili ya sikukuu, nguo nyingi huachwa kwa wazazi: shati lililombana mwenyewe, pajama ya mtoto aliyekua, shuka lililochanika katikati. Hizo zisitupwe wala zisigeuzwe mara moja kuwa matambara ya kupigia deki. Januari na Februari, miezi ya jua kali, ni wakati wa kufua, kukausha na kukata. Machi hadi Mei, mvua inapowaweka watu ndani, ni wakati wa kuunga viraka na kushona matabaka. Juni inapoingia, mfarishi uwe umekwisha kufuliwa mara moja na kutandikwa kitandani.

Kipimo na mahitaji

Kwa kazi ya kwanza, kipimo kinachofaa ni sentimita 120 kwa 150. Mfarishi wa ukubwa huo humtosha mtoto wa shule, na mtu mzima huweza kujifunika magotini au mabegani anapoketi jioni. Una faida nyingine mbili: hufulika katika beseni la kawaida, na hukauka upesi kuliko mfarishi wa kitanda kikubwa.

Viraka hukatwa kwa mraba wa sentimita 17 kwa 17. Kila upande hutolewa sentimita 1 ya mshono, hivyo kiraka kilichokwisha kuungwa hubaki na sentimita 15. Viraka 8 kwa upana hutoa sentimita 120, na viraka 10 kwa urefu hutoa sentimita 150. Jumla ni viraka 80.

Shati kubwa la mwanamume, likishatolewa kola, mifuko, vifungo na mishono, hutoa viraka 12 hadi 16. Mgongo ndio wenye mavuno makubwa. Mikono hutoa kidogo. Kwa hiyo mashati 6 au 7 yanatosha. Anayenunua kitambaa kipya chenye upana wa sentimita 110 atafute mita 3, ili hata kikirudi baada ya kufuliwa viraka vyote vipatikane.

Mahitaji mengine ni haya:

- Tabaka la chini: shuka la flaneli au kitambaa kingine laini, sentimita 132 kwa 162.
- Tabaka la kati: blanketi jepesi kuukuu lililo safi, lenye kipimo hicho hicho.
- Pindo: nusu mita ya kitenge au kitambaa chepesi cha pamba.
- Uzi imara wa cherehani, pamoja na uzi mnene wa pamba kwa atakayefunga mafundo.
- Sindano za cherehani namba 14 na namba 16, sindano ya mkono, pini, mkasi mkali, chaki, futi ya fundi, na kipande cha boksi gumu kilichokatwa sentimita 17 kwa 17 kuwa kielelezo.
- Pasi.

Kuhusu tabaka la kati, mshonaji mpya hushawishika kuweka kitu kinene mno, akidhani unene ni joto. Mlimani hilo ni kosa. Pamba hunyonya maji mengi, na mfarishi mnene ukifuliwa katika majira ya ukungu hukaa na unyevu hadi uote kuvu. Mfarishi mwembamba unaokauka kwa siku moja hufaa kuliko mnene usiokauka wiki nzima. Blanketi jepesi katikati ya flaneli mbili ni joto la kutosha, na halihamihami kama pamba iliyochambuliwa.

Hatua ya kwanza: kufua kabla ya kukata

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na ndiyo inayoharibu kazi nyingi zaidi. Shati moja likirudi na jirani yake lisirudi, mfarishi uliokuwa umenyooka hukunjamana mara ya kwanza unapofuliwa. Kila kitambaa kitakachotumika, kikiwemo cha pindo na blanketi la kati, hufuliwa kwanza kwa sabuni na maji ya moto kadiri kinavyostahimili, kisha hukaushwa juani hadi kikauke kabisa. Kwa nguo za mitumba kufua huko pia ni suala la usafi na afya.

Mshonaji anaweza kupima mwenyewe. Kabla ya kufua kitambaa kipya, hutia alama mbili za uzi zilizoachana kwa sentimita 20. Kikishakauka, hupima tena. Umbali ukiwa sentimita 19, kitambaa kimerudi kwa asilimia 5. Mfarishi wa sentimita 150 ulioshonwa kwa kitambaa hicho bila kufuliwa ungepoteza zaidi ya sentimita 7.

Rangi nazo hujaribiwa. Kitambaa chekundu au cha buluu iliyokoza husuguliwa kikiwa kibichi kwa kitambaa cheupe. Kikiacha rangi, hufuliwa peke yake tena na tena hadi maji yatoke safi. Kikiendelea kutoa rangi, hakitumiki.

Hatua ya pili: kukata

Kitambaa hupigwa pasi kwanza. Pasi huinuliwa na kushushwa. Haiburutwi, kwa maana flaneli ikiburutwa huvutika na kupoteza umbo. Anayetumia pasi ya mkaa huikung'uta jivu nje ya nyumba na kuweka kitambaa chepesi juu ya flaneli, ili cheche isianguke kwenye manyoya.

Kielelezo cha boksi huwekwa sambamba na nyuzi za kitambaa. Katika shati la drafti kazi hii ni rahisi, kwa kuwa mistari yenyewe huonyesha njia. Kiraka kilichokatwa hanamu huonekana mraba mezani, lakini kikishikwa mkononi huwa kirefu upande mmoja. Sehemu zilizochakaa, kama viwiko na maeneo ya kola, huachwa. Njia ya kuzitambua ni kukiinua kitambaa kwenye mwanga wa dirisha: panapopenya mwanga mwingi pamekwisha.

Viraka 80 vikishapatikana, hupangwa sakafuni safu 10 za viraka 8, navyo hubadilishwa nafasi hadi vikubalike machoni. Kanuni rahisi ni kupishanisha vyeusi na vyeupe, na kutoweka viraka viwili vya shati moja bega kwa bega. Kila safu hukusanywa kwa mfuatano wake na kubandikwa karatasi yenye namba, kuanzia 1 hadi 10.

Hatua ya tatu: kuunga viraka

Viraka viwili huwekwa uso kwa uso, hushikwa kwa pini, na kushonwa sentimita 1 kutoka ukingoni. Kwa kitambaa kisichofumuka, washonaji wengi huacha chini ya hapo. Flaneli haivumilii ubahili huo: ukingo ukifumuka, mshono mwembamba huachia, na tundu hutokea katikati ya mfarishi.

Urefu wa mshono uwe kama milimita 3. Mshono mfupi mno huisukuma flaneli na kuifanya ijikunje. Kitambaa kiongozwe tu kwa vidole. Meno ya cherehani ndiyo yakivute. Anayekivuta kwa nyuma hupata safu iliyo ndefu kuliko nyingine, na kosa hilo hugundulika safu zinapokutanishwa.

Kila safu ikiisha, mishono hufunguliwa kwa pasi, nusu kulia na nusu kushoto, ili unene usijilundike upande mmoja. Kisha safu ya 1 huunganishwa na ya 2, pini zikianza kuwekwa kwenye makutano ya viraka. Makutano yakikaa sawa, sehemu iliyobaki hujipanga yenyewe. Safu mbili mbili zikishaungwa, huunganishwa nne, halafu zote kumi.

Katikati ya kazi, cherehani isimamishwe na kusafishwa. Kila bobini mbili zinapokwisha, kifuniko cha chini hufunguliwa, vumbi la pamba hutolewa kwa brashi ndogo, na tone la mafuta ya cherehani hutiwa mahali pake. Cherehani inayoanza kuruka mishono katika kazi ya flaneli mara nyingi si mbovu, imezibwa tu.

Asiye na cherehani asikate tamaa. Viraka huungwa pia kwa mkono, kwa mishono midogo inayorudi nyuma. Kazi huwa ya wiki kadhaa badala ya siku kadhaa, lakini uimara wake hautofautiani sana.

Hatua ya nne: kupanga matabaka na kupiga bandi

Tabaka la chini hutandazwa sakafuni, uso wake ukitazama chini, na kingo zake hubanwa kwa gundi ya karatasi au mawe ili lisicheze. Juu yake huwekwa blanketi la kati, kisha tabaka la viraka, uso wake ukitazama juu. La chini na la kati huzidi la viraka kwa sentimita 5 kila upande. Ziada hiyo si upotevu. Matabaka husogea wakati wa kushona, na ziada ndiyo inayookoa kingo.

Hapo matabaka hupigwa bandi, yaani hushikizwa kwa mishono mirefu ya muda. Uzi wa rangi inayoonekana hutumika ili baadaye ufumuliwe kwa urahisi. Mistari ya bandi huanzia katikati kuelekea kingoni na huachana kwa upana wa kiganja. Mshonaji hupapasa upande wa chini kila mara: mkunjo ulioachwa hapo utabaki milele.

Hatua ya tano: mshono wa kupenya matabaka

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni ya cherehani. Sindano hubadilishwa kuwa namba 16, urefu wa mshono huongezwa hadi milimita 4, na mistari iliyonyooka hupitishwa kando ya viungo vya viraka. Mstari wa kwanza hupita katikati ya mfarishi, unaofuata kulia kwake, na mwingine kushoto, hadi kingoni. Anayeanzia ukingoni husukuma ziada ya kitambaa mbele yake, na ikifika upande wa pili haina pa kwenda.

Njia ya pili ni ya mafundo, nayo ndiyo inayofaa zaidi kwa mwanafunzi. Sindano yenye uzi mnene wa pamba huchomwa kutoka juu kwenye makutano ya viraka vinne, hupenya matabaka yote, hurudi juu milimita 5 pembeni, na ncha mbili hufungwa fundo maradufu. Ncha hukatwa zikibaki sentimita 2. Kwa kuwa viungo vinaachana sentimita 15, mafundo huwa 63 kwa mfarishi mzima, kazi ya jioni mbili au tatu kwa watu wawili. Umbali huo unatosha ikiwa tabaka la kati ni blanketi. Likiwa ni pamba iliyochambuliwa, mafundo yaongezwe katikati ya kila kiraka.

Hatua ya sita: pindo

Kanga huanza kutambulika kwa pindo lake, na mfarishi nao hudumu kwa pindo lake. Ukingo ndio unaoshikwa, unaovutwa na unaoburutwa. Ziada ya matabaka ya chini na ya kati hukatwa ilingane na viraka. Pindo la flaneli huwa nene mno kwenye pembe. Kitenge ni chembamba, kigumu kiasi, na hakifumuki ovyo.

Vipande 6 vya kitenge vyenye upana wa sentimita 7 huungwa kuwa utepe mmoja mrefu. Mzunguko wa mfarishi ni kama sentimita 548, na utepe uzidi kidogo kwa ajili ya pembe. Utepe hukunjwa katikati kwa urefu wake, kingo zake mbili zilizo wazi hulinganishwa na ukingo wa mfarishi upande wa juu, na hushonwa sentimita 1 kutoka ukingoni. Kisha hugeuzwa kuelekea chini na kumaliziwa kwa mkono, mishono ikijificha ndani ya mkunjo. Bandi hufumuliwa mwisho.

Makosa yanayowapata wengi

Safu hazilingani urefu. Sababu ni kuvuta kitambaa au kukata viraka kwa macho bila kielelezo. Tofauti ya nusu sentimita huweza kugawanywa kwa pini. Ikizidi hapo, safu hufumuliwa.

Mfarishi umejikunja katikati. Sababu ni kuanzia kushona ukingoni, au bandi kuwa chache.

Matundu yametokea baada ya kufua. Sababu ni mshono mwembamba au kitambaa kilichochakaa. Kiraka kipya hushonwa juu mara tundu linapoonekana, kwani usipoziba ufa utajenga ukuta.

Ikumbukwe kwamba kufumua si aibu. Fundi mzoefu hufumua mapema, pale kosa linapokuwa la mshono mmoja. Mwanafunzi husita hadi liwe la safu nzima.

Usalama wa matumizi

Manyoya yanayoifanya flaneli iwe na joto ndiyo yanayoifanya ishike moto upesi. Mfarishi usitumiwe kando ya mafiga, jiko la mkaa, mshumaa au kibatari, na mtoto asisogee motoni akiwa amejifunika.

Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, wataalamu wa afya hushauri asilazwe na matandiko mazito yaliyolegea karibu na uso, kwa sababu yanaweza kumziba pumzi. Mtoto huyo hukingwa baridi kwa mavazi yanayomwenea, kofia na soksi. Aliyezaliwa na uzito mdogo hutunzwa ngozi kwa ngozi kifuani mwa mama kama anavyoelekezwa na mhudumu wa afya. Mfarishi humngojea akue.

Kutoka matumizi ya nyumbani hadi kipato

Baada ya mfarishi wa pili au wa tatu, mshonaji huanza kuulizwa bei. Kosa la kawaida ni kuhesabu kitambaa na kusahau saa za kazi. Ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kwamba mashati, shuka, blanketi, kitenge na uzi vimegharimu shilingi 30,000, na kazi imechukua saa 25. Mshonaji akiuza kwa shilingi 35,000, amejilipa shilingi 200 kwa saa. Kila mshonaji huandika saa zake daftarini tangu mfarishi wa kwanza, na hukokotoa bei kwa takwimu zake mwenyewe.

Kazi hii huwafaa pia washonaji wa kikundi, kwa kuwa mmoja hukata, mwingine huunga, na wengine hufunga mafundo. Sheria huzitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Masharti ya usajili wa kikundi na ya uombaji hutolewa na Afisa Maendeleo ya Jamii katika ofisi ya kata. Mafunzo ya ushonaji hutolewa na VETA, yenye chuo mjini Moshi, na ushauri wa biashara ndogo hupatikana SIDO, shirika lililoanzishwa mwaka 1973 lenye ofisi mkoani Kilimanjaro.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini flaneli hufuliwa kabla ya kukatwa?
2. Mfarishi wa mtu mzima una viraka 10 kwa upana na 14 kwa urefu, kila kimoja sentimita 15 baada ya kuungwa. Vipimo vyake ni vipi, na yanahitajika mashati mangapi ikiwa kila moja hutoa viraka 12?
3. Mshono wa kupenya matabaka huanzia wapi, na kwa nini?
4. Kwa nini tabaka la kati lisiwe nene mno katika vihamba vya juu?

Majibu: (1) Ili kirudi kabla ya kushonwa na kisikunjamanishe mfarishi baadaye. (2) Sentimita 150 kwa 210. Viraka 140, mashati 12. (3) Katikati, ili ziada ya kitambaa isogee kuelekea kingoni. (4) Hukauka kwa taabu wakati wa ukungu na huota kuvu.

Atakayelisoma somo hili baridi ikiwa imekwisha kuingia asiliweke kando. Anaweza kukusanya mashati sasa, kukata kielelezo chake cha boksi, na kujaribu viraka vinne kwa mkono. Vinne vikikaa sawa, sabini na sita vilivyobaki ni suala la subira, na Januari italeta jua la kufulia.